Mwanya wa dirisha uliomkosesha mtoto usingizi

Saa 8 usiku, mvua ilipoanza kupiga bati, mama wa watoto wawili mkazi wa Kinyerezi, Dar es Salaam, hakusubiri kuitwa. Alichukua taulo na beseni vilivyokuwa tayari nyuma ya mlango, akaenda chumba cha watoto.

Alijua atakachokikuta. Maji yalikuwa yakishuka ukutani kutoka kona ya chini ya dirisha, yakipita nyuma ya kitanda cha mtoto wake wa kiume mwenye miaka 5. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikitoa mluzi mwembamba.

"Mama, kifua," alisema.

Mama alimpa dawa ya kuvuta kwa chupa yake, kama alivyofundishwa kituo cha afya, akampakata mpaka pumzi zikatulia. Kisha akakunja taulo, akaliweka chini ya dirisha, akabaki macho akisikiliza matone yakidondoka kwenye beseni.

Ilikuwa mara ya nne tangu masika yaanze. Na dirisha hilo lilikuwa limeshazibwa mara tatu.

Walihamia kabla nyumba haijakwisha

Familia hiyo ilihamia kwenye nyumba yake kama wanavyohamia wengi. Kodi ya miezi sita ilikuwa imefika, mwenye nyumba hataki maneno, na baba wa familia, dereva wa malori ya mizigo yaendayo Tunduma, akaona ni heri hela hiyo inunue madirisha. Vyumba viwili vikapigwa lipu, madirisha ya alumini yakawekwa, wakahamia. Dari, rangi na vigae vingefuata taratibu.

Shida ilianzia kwenye kipimo. Dirisha la chumba cha watoto lilikatwa dogo kuliko tundu lake, na kuzunguka fremu ukabaki mwanya ambao kidole cha mtoto kilipita bila kugusa kingo. Fundi kijana aliyelifunga hakuona tatizo. Alichanganya saruji na mchanga, akaushindilia humo, akasema, "Dada, hapa tumemaliza."

Miezi michache baadaye ulijitokeza ufa mwembamba kati ya fremu na saruji, ukazunguka dirisha zima. Mvua za vuli zikapenya.

Mara ya pili alikuja na silikoni. Aliichokonoa ile saruji, akasukuma tyubu baada ya tyubu ndani ya mwanya. Zikaisha tyubu 5. Ilipokauka ilipendeza, nyeupe na laini, na mama akawaonyesha majirani. Jua la Januari lilipoichoma, upande mmoja ukaachia ukuta, na katikati silikoni ikachanika.

Mara ya tatu alikuja fundi mwingine, akiwa na njia ya kubana matumizi. Alikata vipande vya godoro la zamani, akavishindilia kwenye mwanya, akapaka silikoni nyembamba juu yake. Kazi ilichukua saa moja na bei ilikuwa nafuu. Mvua ya kwanza ya Machi ikaingia palepale.

Kila mara hela ilitoka kwa baba, kwa simu, akiwa safarini. Alipoombwa kwa mara ya nne alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo mkewe anasema lilimkaa moyoni.

"Mama watoto, hiyo silikoni mnaipaka au mnaila?"

Simu ikakatwa. Siku mbili hawakusemeshana.

Swali la daktari

Asubuhi baada ya usiku ule wa taulo, mama alimpeleka mtoto kituo cha afya. Alitarajia maswali yaleyale na dawa zilezile. Lakini daktari wa zamu aliweka faili pembeni kwanza, akauliza, "Mama, mtoto huyu analala wapi?"

"Chumbani kwao, na dada yake."

"Kitanda chake kimekaa wapi?"

"Chini ya dirisha."

"Na nyuma ya kitanda kuna nini?"

Mama hakuwa na jibu. Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani tangu siku waliyohamia. Akifagia, fagio hupita uvunguni, na taulo za usiku huishia pale maji yanapoonekana.

Aliporudi nyumbani alikivuta. Ukuta wa nyuma ulikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sinia, limechanua kutoka kona ya dirisha kushuka chini. Harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahaulika kwenye gunia lililoloa. Mto wa mtoto ulikuwa unaegemea papo hapo kila usiku.

Doa lile ni ukungu, ambao wengine huuita fangasi wa ukutani. Huota penye unyevunyevu usiokauka, na hutoa chembe ndogo sana zinazoelea hewani na kuvutwa puani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevunyevu na ukungu ndani ya majengo. Mwongozo huo unaeleza kuwa wanaoishi kwenye majengo yenye hali hiyo wako kwenye hatari zaidi ya kupata dalili na maambukizi ya njia ya hewa, na wenye pumu huzidiwa.

Daktari alikuwa amemweleza mama kwa maneno mafupi zaidi: "Dawa itamfungua kifua leo. Ukuta ule utamfunga tena kesho. Endelea na dawa, lakini na ukuta nao utibiwe."

Jiko la mkaa mlangoni

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mama alilitaja wakati anaaga, tena kwa kujisifia kidogo. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Muheza kusaidia kulea. Bibi aliamini kifua cha mjukuu kinaharibiwa na baridi, hivyo aliziba kwa matambara matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Jioni zenye mvua aliweka jiko la mkaa mlangoni mwa chumba ili ukuta ukauke.

Daktari aliweka kalamu chini. "Jiko hilo litoke leo. Si kesho."

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke kabisa, na kadiri chumba kinavyozibwa ndivyo hatari inavyokua. Kwa mtoto mwenye pumu, hata moshi mdogo wa mkaa na kuni huchokoza kifua.

Kumwambia mama mkwe halikuwa jambo jepesi. Mama alisubiri bibi amalize kula, akasema kwa upole, "Mama, daktari amesema moto wa mkaa usiingie ndani. Unaweza kutuua sote tukiwa tumelala."

Bibi alitazama jiko kwa muda mrefu. "Nilikuwa namsaidia mjukuu wangu."

"Najua, mama."

Bibi alilibeba mwenyewe kulipeleka uani. Kisha akarudi na kuyatoa matambara kwenye matundu, moja baada ya jingine. "Sasa huo mwanya wa maji nao mnaungojea nini?" akauliza. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Tumeziba mara tatu, mama."

Fundi aliyeanza kwa kubomoa

Mtaa wa pili anaishi mzee aliyefanya kazi ya kufunga madirisha kwenye majengo marefu ya mjini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mama alikwenda kwake akitarajia kuelekezwa silikoni iliyo bora zaidi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hilo dirisha limekushinda, nimesikia."

Alifika asubuhi akiwa na kisu, brashi na futi ya chuma. Hakuuliza habari za silikoni. Aliikata ile ya zamani pembeni, akaivuta kwa vidole, ikatoka kama utepe. Nyuma yake vikaonekana vipande vya godoro. Alichomoa kimoja, akakishika juu ya beseni, akakikamua.

Yalitoka maji meusi. Ilikuwa siku ya tatu bila mvua.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika uso kwa khanga. "Mwanangu analala chini ya hii," alisema.

"Hukujua," mzee alimjibu. "Na aliyeiweka naye hakujua. Godoro ni sponji ya kunywa maji. Ina vijitundu vilivyoungana, likinywa linabaki nayo. Umeweka tangi la maji ndani ya ukuta."

Mama alipiga picha ile beseni na kile kipande cha godoro, akamtumia mumewe bila kuandika neno.

Kisha mzee akaeleza kwa nini hata silikoni ya tyubu 5 ilishindwa. Alimtuma mtoto mkubwa, binti wa darasa la sita, alete kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akaushika huku na huku, akauvuta. Ukarefuka, akauachia, ukarudi.

"Huu umeshikwa sehemu mbili tu. Katikati uko huru, ndiyo maana unavutika. Sasa ukiupaka gundi mgongo wote na kuubandika kwenye ubao, halafu ukavuta, utakwenda wapi? Utachanika. Silikoni ni hivyohivyo, mwanangu. Inatakiwa ishike fremu upande huu na ukuta upande huu. Ikishika na chini kwenye mwanya, umeifunga sehemu tatu, na haina pa kuvutikia."

"Kwani dirisha linakwenda wapi, baba?"

"Halikai. Linacheza."

Mzee alikuwa sahihi. Alumini ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya zege. Fremu yenye urefu wa mita 2 ikipanda joto kwa nyuzi 20, hurefuka karibu milimita 1, na usiku hurudi. Milimita moja haionekani kwa macho, lakini hutokea kila siku jua linapopiga na kuondoka. Saruji hupasuka kwa sababu haivutiki. Silikoni nene iliyojaa mwanya mzima hushindwa kwa sababu imebanwa kila upande.

Kinachotakiwa, alisema, ni kamba ya sponji. Si sponji ya godoro. Ni kamba ya mviringo, nyepesi, ya plastiki iliyofumuka, ambayo vijitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake hivyo hainywi maji. Husukumwa ndani ya mwanya kwanza, kisha silikoni hupakwa juu yake. Silikoni haigandi kwenye kamba hiyo, kwa hiyo inabaki imeshika pande mbili tu. Kamba pia huzuia silikoni isizame, na kuipa unene unaotakiwa.

"Unene gani?" aliuliza binti.

"Nusu ya upana wa mwanya. Huu wetu ni milimita 12, basi silikoni iwe milimita 6. Wewe si uko darasa la sita? Nipigie hesabu. Dirisha ni mita 1 na nusu kwa mita 1 na sentimita 20. Tyubu moja ina mililita kama 300."

Binti alileta daftari. Kuzunguka dirisha ni mita 5.4. Kwa unene wa milimita 6 alipata chini kidogo ya mililita 390, yaani tyubu 2 na nyingine inabaki. Mzee akamwambia ajaribu tena, safari hii kana kwamba hakuna kamba na silikoni inajazwa kwenda ndani sentimita 4. Akapata karibu mililita 2,600. Tyubu 9.

Mama aliitazama ile hesabu, akakumbuka swali la mumewe kuhusu kula silikoni. Hawakuwa wameila. Walikuwa wameizika ukutani.

Jioni ile simu ililia. Ilikuwa hela, zaidi kidogo ya ile aliyokuwa ameomba. Chini yake baba alikuwa ameandika: "Nunua na hiyo kamba. Mtoto anaendeleaje?"

Siku tatu za kungoja

Kamba ilipatikana Kariakoo, kwenye duka la tatu la vifaa vya alumini waliloingia. Mzee alichagua ya milimita 15, nene kwa robo kuliko mwanya, ili ikisukumwa ibane yenyewe bila kuanguka ndani. Silikoni nayo aliichagua kwa kuuliza. Ile yenye harufu kali ya siki aliikataa kwa sababu haifai kwenye saruji na lipu na inaweza kuila metali. Alichukua isiyo na harufu hiyo.

Lakini hakuipaka siku hiyo. Alisafisha mwanya kwa brashi hadi vumbi likaisha, akasema ukuta ukauke kwanza kwa siku tatu za jua, kwa sababu silikoni haishiki palipoloa wala penye vumbi. Kwa nje alitundika karatasi ya nailoni juu ya dirisha, mvua isije ikarudisha kazi nyuma.

Siku hizo tatu ndizo mama alizotumia kuushughulikia ukuta wa ndani. Watoto walihamia chumba cha bibi. Alivaa glavu na barakoa, akafungua dirisha, akasugua lile doa kwa maji ya sabuni, akafuta na kuacha pakauke. Hakupaka rangi juu yake, kwa kuwa ukungu uliofunikwa kwa rangi huendelea kuota chini yake. Matambara aliyotumia aliyafunga kwenye mfuko na kuyatupa.

Siku ya nne asubuhi, kabla jua halijaichoma fremu, mzee alianza. Alisukuma kamba kwa kipande cha mbao butu, si kwa bisibisi, akieleza kuwa ikitobolewa hutoa hewa inayofanya malengelenge kwenye silikoni. Hakuivuta wakati wa kuiingiza. Alipima kwa futi kila baada ya hatua, akahakikisha imekaa ndani kwa milimita 6 kila mahali. Akabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote mbili, akapaka silikoni kwa mkono usiosimama, akailainisha kwa mgongo wa kijiko, akabandua tepu kabla haijashika.

Alipofika chini ya fremu alisimama. "Nani aliziba hivi?"

Vilikuwa vitundu vidogo kwenye reli ya chini ya dirisha. Fundi wa kwanza alikuwa amevijaza silikoni akidhani ndipo maji yanapoingilia. Kumbe ndipo yanapotokea. Madirisha ya alumini ya kusukuma pembeni hupokea maji kwenye reli, na vitundu hivyo huyatoa nje. Vikizibwa, reli hujaa na maji humwagikia ndani. Mzee alivizibua kwa msumari.

Ukitaka kulishughulikia lako

Mzazi mwenye mwanya kama huo nyumbani anaweza kujifunza machache kutoka kwa familia hii.

Kwanza, jua kinachoziba na kisichozibwa. Mwanya kati ya fremu na ukuta huzibwa. Huingiza mvua na mbu, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku, wakati watoto wamelala. Hata ukiziba, chandarua kiendelee kutumika. Matundu ya hewa na vitundu vya kutolea maji kwenye fremu hayazibwi. Ukitaka kuzuia mbu kwenye matundu ya hewa, weka wavu.

Pili, usijaze mwanya kwa godoro, matambara, magazeti au pamba. Vyote hunywa maji. Tafuta kamba ya sponji isiyonywa maji, nene kidogo kuliko mwanya. Kuijaribu ni rahisi: kata kipande, kizamishe kwenye glasi ya maji, kisha kikamue. Kikitoa maji, si chenyewe. Pale ambapo mwanya hauna kina cha kutosha kuingiza kamba, tepu ya plastiki isiyoshika silikoni huwekwa chini ili kazi iwe ileile.

Tatu, mweleze fundi mapema kuwa unataka kuona kamba ikiingia kabla ya silikoni. Kinachofichwa nyuma hakionekani kazi ikishakwisha, na kwa familia hii ndicho kilichoamua kama dirisha litavuja au la.

Nne, watoto, hasa wenye pumu, wasilale kwenye chumba kinachopakwa silikoni mpaka harufu iishe. Madirisha yawe wazi. Silikoni huanza kushika juu kwa dakika chache, lakini kwa ndani hukauka pole kwa pole, hivyo isimwagiwe maji walau kwa siku nzima.

Tano, kusogeza kitanda hakugharimu kitu. Kiache mbali kidogo na ukuta wa nje ili hewa ipite, na mara kwa mara kivute uangalie nyuma yake.

Na dawa ya mtoto isiachwe. Kukausha chumba huondoa mojawapo ya vitu vinavyochokoza pumu. Hakuiponyi pumu yenyewe. Mabadiliko yoyote ya dawa yaamuliwe na daktari.

Mvua ya Aprili

Mvua kubwa ilikuja siku ya sita baada ya kazi, usiku, pamoja na upepo. Mama aliamka kwa mazoea, akachukua taulo na beseni.

Alipitisha kiganja kwenye kona ya chini ya dirisha. Pakavu. Akapitisha ukutani, nyuma ya kitanda, hadi chini. Pakavu. Kwa nje alisikia maji yakitoka kwenye vile vitundu na kudondoka kwenye kokoto. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, kifua kikipanda na kushuka bila mluzi.

Alikaa pembeni ya kitanda aone kama hali ingebadilika. Usingizi ukampitia hapohapo.

Alfajiri baba alirudi kutoka safari. Alimkuta mkewe amelala kwa kujikunja miguuni pa mtoto, beseni tupu pembeni. Hakumwamsha. Alitazama dirisha, akapitisha kidole kwenye silikoni kutoka juu hadi chini, akabonyeza.

Tangu siku hiyo mtoto ameugua kifua mara moja, alipopata mafua shuleni, na dawa ya kuvuta bado iko juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu nyumbani anajua. Daktari amesema ataendelea kumwangalia. Bibi amerudi Muheza, na ameacha maagizo kuwa jiko lisivuke mlango wa uani.

Kuhusu neno lile la kwenye simu, baba hakuwahi kulizungumzia. Ila asubuhi ile, mkewe alipoamka na kutoka nje, alimkuta amepiga magoti chini ya dirisha la sebuleni, futi ya chuma mkononi.

"Hili nalo lina mwanya," alisema bila kugeuka. "Milimita 8. Kamba yake iwe ya ngapi?"

"Kumi," alijibu mkewe, akachuchumaa kumshikia futi.